Watu Wazima na Riwaya

Husemwa mara kwa mara, hata na watu wa kuheshimika, kwamba ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kiweke katika maandishi. Usemi huo hatuukubali. Tukichunguza historia ya riwaya katika nchi yetu twaona jambo jingine: watu wazima walitenganishwa na hadithi, kisha wakairudia kwa njia ambazo walimu hawakuzipanga.

Kabla ya riwaya, hadithi ilikuwa mali ya watu wazima. Katika miji ya pwani tendi ziliandikwa kwa hati za Kiarabu na kughaniwa mbele ya hadhara. Bara nako msimulizi hodari alikuwa mzee, na sifa yake ilivuka kijiji. Watoto waliruhusiwa kusikiliza, lakini baraza haikuwa yao peke yao. Shule ya kikoloni ndiyo iliyogeuza mambo. Mwaka 1929 zilitolewa tafsiri za Kiswahili za riwaya mbili za Waingereza, Kisiwa chenye Hazina cha Stevenson na Mashimo ya Mfalme Sulemani cha Rider Haggard, na nyingine zikafuata. Vilikuwa vitabu vitamu, na wazee wetu waliosoma enzi hizo walivikumbuka hadi uzeeni. Hata hivyo vilisomwa darasani, na mwanafunzi alipomaliza shule viliachwa huko pamoja na madaftari. Riwaya ikawa kama kaptura ya shule: haivaliwi na mtu mwenye ndevu.

Aliyeanza kuivunja dhana hiyo hakuwa mwalimu. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyezaliwa mwaka 1918, alishinda shindano la uandishi la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki la mwaka 1957/58 kwa hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Ndani yake yumo Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, na rafiki yake Najum. Wahakiki wamesema sana kwamba Bwana Msa ni nduguye Sherlock Holmes, na kweli undugu upo. Lakini msomaji wa Ng'ambo au wa Tanga hakumtafuta Holmes. Alitafuta kujua nani aliyeua, na njiani alikutana na Kiswahili chake mwenyewe, chenye mizaha, mafumbo na matusi ya adabu. Inatupendeza pia kukumbuka kwamba kuanzia mwaka 1958 hadi alipostaafu mwaka 1968, mwandishi huyu alikuwa mhariri wa gazeti la Mkulima. Mchana mbolea na mbegu, usiku mauaji na siri! Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo, na mwaka 1974 Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona. Vitabu hivyo viliazimwa mpaka majalada yakang'oka. Walimu wengi waliviita vitabu vya kupotezea wakati. Kwa maoni yetu vilifanya kazi ambayo vitabu vingi vya heshima vilishindwa kuifanya: vilimpa karani, dereva na muuguzi sababu ya kushika kitabu baada ya kazi bila ya kuamriwa.

Wakati huo huo Taifa lilikuwa katika vita dhidi ya ujinga. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati wa sensa ya mwaka 1967, kiasi cha watu wazima wawili katika kila watatu hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1986 hesabu za Serikali zilionyesha kwamba waliobaki ni chini ya asilimia 10. Ushindi huo ni mkubwa, na hatupendi kuusikia ukibezwa. Lakini vitabu vya kisomo vilifundisha pamba, migomba, uvuvi na malezi. Mama aliyehitimu aliweza kusoma namna ya kupulizia dawa shambani. Akitaka kucheka au kulia kwa ajili ya mtu asiyekuwapo, hakuwa na kitabu cha kumtosha. Kisha ikaja miaka ya 1980, karatasi ikawa adimu na fedha za kigeni zikapungua. Kusoma kusikofanyiwa mazoezi huchuja kama rangi ya kanga.

Sisi tuliokuwa sekondari katika miaka hiyo tulikuwa na shida yetu nyingine. Tulifundishwa kukipasua kila kitabu vipande viwili, fani na maudhui, kisha kuorodhesha dhamira. Uchambuzi una faida zake, lakini wengine walifaulu mtihani kwa kusoma mwongozo tu, bila ya kukifungua kitabu chenyewe. Tulipoajiriwa, macho yetu yakahamia kwenye majalada ya masijala na dokezo sabili. Miaka ikapita.

Kilichoturudisha wengi wetu ni kitabu kilekile cha zamani, kilichookotwa katika rafu ya maktaba au katika sanduku la mtoto anayesoma. Chukua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Kwanza ilizuiwa shuleni, na baadaye ikawa kitabu cha shule. Kijana anayeisoma kwa ajili ya mtihani humwandika Zakaria kwa mstari mmoja: baba mlevi na mkali kupita kiasi. Jibu ni sahihi na alama hupatikana. Mtu wa miaka hamsini, mwenye mabinti, haimalizi sura zile upesi hivyo. Husoma jinsi baba anavyompiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, akakiweka kitabu chini, akasikiliza sauti za nyumbani kwake.

Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na mwaka 2022 riwaya yake ya mwaka 1994 ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Tafsiri za mwaka 1929 zilitupeleka kwenye visiwa vya watu wengine. Hii inamleta kijana Yusuf, ambaye baba yake anamtoa kwa tajiri Aziz kufidia deni, katika lugha ambayo mtu kama yeye angeisema. Tumeiona ikisomwa na watu wenye mvi, ndani ya daladala, wakipitiliza vituo vyao.