Upasuaji wa saratani ya tezi dume: roboti na mkono

Tezi dume yenye saratani huweza kuondolewa kwa njia mbili kuu. Katika upasuaji wa wazi, tumbo hupasuliwa chini ya kitovu na daktari hufanya kazi kwa mikono yake. Katika ule wa roboti, vyombo vyembamba hupitishwa kwenye matundu madogo; daktari hukaa pembeni, macho kwenye picha iliyokuzwa, akiviendesha. Jina lenyewe hupotosha kidogo, kwani mashine haiamui wala haikati chochote peke yake.

Ushahidi unaotajwa sana ulitoka Brisbane, Australia, ambako wanaume 326 waligawanywa kwa bahati nasibu kati ya njia hizo mbili kuanzia mwaka 2010. Waliofanyiwa kwa roboti walipoteza wastani wa mililita 443 za damu, wenzao 1,338. Walilala hospitali takriban siku 1.5, wenzao 3.3. Lakini katika mambo yanayomkosesha mgonjwa usingizi, yaani mkojo kuvuja na nguvu za kiume, makundi hayo hayakutofautiana kwa maana katika wiki ya 12, wala baada ya miezi 24. Dalili kwenye damu za saratani kurudi zilionekana zaidi upande wa wazi, ila watafiti wenyewe walitahadharisha, kwa kuwa matibabu ya baadaye hayakuwa ya aina moja.

Tena zilizolinganishwa hazikuwa njia peke yake, kwani kila kundi lilikuwa na daktari wake mmoja: wa mkono alikuwa na upasuaji zaidi ya 1,500 nyuma yake, wa roboti takriban 200.