Kutoka Kamani hadi Spesa: Istilahi za Kimo cha Gari

Istilahi nyingi za ufundi hazikuzaliwa katika vikao vya wataalamu. Zilizaliwa gereji, na wataalamu walizikuta zikiwa zimekwisha kuota mizizi. Yafaa basi tutazame jinsi wasemaji wa Kiswahili walivyolitaja jambo moja dogo lenye uzito mkubwa: umbali wa gari kutoka ardhini.

Kabla ya magari kuenea, Kiswahili kilikuwa na neno kamani, kwa maana ya chuma kinachokunjika na kurudi, kama kile cha saa. Neno hili limetokana na Kihindi, na asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya upinde. Lingalilifaa sana gari, kwani springi za bamba zina umbo la upinde hasa. Hata hivyo magari yaliletwa pamoja na Kiingereza cha gereji. Springi ikashika nafasi, na kamani ikabaki kwenye saa na kamusi.

Hali ya barabara nayo ilizaa mahitaji yake. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari ya Safari, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Huko Uingereza, mtu aliyejiundia nyumbani gari la michezo kama Lotus Seven, lililoanza kuuzwa mwaka 1957, alitaka likae chini ili lisiyumbe kwenye kona. Huku kwetu, mawe na makorongo yalidai gari liinuliwe. Kazi ni ile ile ya kupima na kurekebisha springi, ila shabaha ni kinyume.

Katika nyanda za kati haja hiyo ni ya kila siku. Mwenye gari dogo kutoka Japani akifika kwa fundi wa Kikuyu, mjini Dodoma, atasema, "Gari limekaa chini mno, niinulie." Fundi atamwekea spesa, yaani kipande kinachopachikwa kwenye springi ili bodi ipande. Neno spesa limekwisha kuenea, wala hatuoni sababu ya kulipiga vita.

Tatizo liko katika neno kimo. Kauli "ongeza kimo cha gari" ina maana zaidi ya moja, na tofauti yake si ya maneno matupu. Gari lenye ekseli nzima, kama Land Rover za zamani, likiongezewa bamba za springi, bodi hupanda lakini difu hubaki pale pale, kwa kuwa difu huchukuliwa na magurudumu. Mwenye gari ameongeza kimo, lakini jiwe lililogonga difu jana litaigonga na kesho. Kinachoinua difu ni tairi kubwa zaidi. Tena, bodi ikiinuliwa kupita kiasi, shokapu hukosa nafasi ya kunyooka, gari huwa jepesi kupinduka, na taa huwamulika wengine machoni.

Kwa hiyo twapendekeza istilahi tatu. Kimo cha gari kiwe kipimo cha kutoka ardhini hadi paani. Uwazi wa chini uwe nafasi kati ya ardhi na sehemu ya chini kabisa ya gari. Kimo cha mkao kiwe umbali wa kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake. Kipimo hiki hakibadiliki kwa kubadili tairi, bali kwa kurekebisha springi.

Neno mkao hatukulibuni. Limo katika kauli ya mafundi wenyewe wasemapo gari "limekaa" juu au chini. Kamani ilipitwa kwa sababu haikufikishwa gereji mapema. Istilahi hizi nazo zitaishi iwapo tu zitaingia katika vitabu vya vyuo vya ufundi, na mafundi wakaulizwa kabla hazijaidhinishwa.