Saa ya Jua na Saa ya Ukutani

Jua la Bugwema huchomoza nyuma ya jua la Unguja. Saa rasmi ya Afrika Mashariki hufuata mstari wa longitudo 45 mashariki, mstari unaokatiza Somalia na Madagaska. Bugwema, katika Musoma Vijijini, iko karibu na longitudo 34. Kwa kila nyuzi moja jua hutumia dakika 4. Basi alfajiri ya Unguja huitangulia ya Bugwema kwa wastani wa dakika 20 hivi, ingawa saa za ukutani za pande zote mbili zinasoma sawa.

Kiswahili kilikuwa na hesabu yake kabla ya saa hizo kutundikwa. Saa za mchana huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, na saa moja ni saa ya kwanza kupita. Hesabu hiyo hukaa vyema karibu na Ikweta, ambako mchana haupungui wala kuzidi sana saa 12 mwaka mzima. Kwa majira ya Ulaya isingesimama hata mwezi mmoja.

Waliohesabu hivyo waliijua saa kwa kazi yake. Katika Ziwa Victoria, mvuvi wa dagaa huingia majini kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikitanda hupumzika na kushona nyavu. Mvuvi wa Pwani naye huangalia bamvua na maji mafu. Mwezi ndio uliowapangia lini wakaze macho na lini wayafumbe.

Kisha ikaja kengele. Mwaka 1934 mtoto wa miaka 12 alitoka Butiama, akaenda shule ya Mwisenge, Musoma. Shule za bweni ziliendeshwa kwa kengele: ya kuamka, ya darasa, ya kulala. Mtoto huyo alikuwa Kambarage Nyerere, mwana wa Mtemi wa Wazanaki.

Mwaka 1963, akiwa Rais, tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caezar, ilichapishwa. Miaka iliyofuata haikumpa nafasi: maasi ya jeshi Januari 1964, Muungano Aprili mwaka huohuo, Azimio la Arusha 1967. Hata hivyo, mwaka 1969 alitoa Mabepari wa Venisi, na ile ya kwanza akairudia na kuisahihisha, ikatoka kwa jina la Juliasi Kaizari. Kabla yake Shaaban Robert, karani wa serikali kwa miaka mingi, alikuwa ametoa Omar Khayyam kwa Kiswahili mwaka 1952.

Hakuna kati yao aliyeongezewa saa ya 25. Anayetafsiri ushairi hawezi kushika mstari huku akishika jingine. Mshika mawili moja humponyoka. Lakini mstari ulioachwa jana hungoja. Juliasi Kaizari ni ushahidi kwamba umakini si kutokatizwa kamwe, bali ni kurudi palepale ulipokatizwa, hata baada ya miaka 6.

Leo simu imefika bondeni Bugwema kama ilivyofika Mji Mkongwe. Kengele iliwaita wote pamoja, kisha ikanyamaza. Simu humwita kila mtu peke yake, wala haingoji giza wala mbalamwezi. Na aliyeitwa mara 100 kwa siku hupoteza si muda tu, bali pia mahali pa kurudia.

Hata hivyo kuna jambo dogo lililosalia. Kioo cha simu huandika 7:00, na mwenye simu, akiulizwa, hujibu: saa moja. Kila asemaye Kiswahili ni mfasiri wa saa, mara nyingi kwa siku, bila kujijua. Katika kufasiri huko huiacha saa ya kioo na kurejea kwenye jua. Nukta hiyo moja bado ni yake.