Mwalimu wa UPE na Sisi wa Falls Church

Anayetoka Falls Church kwenda Alexandria kwa barabara ya Leesburg Pike hupita Bailey's Crossroads. Hapo, mwaka 1965, chuo cha jamii cha Northern Virginia kilianza katika jengo moja, kikiwa na wanafunzi 761. Wengi wetu tumekipitia, tukisoma jioni baada ya kazi.

Baadhi yetu sasa tunataka kufundisha katika vyuo vya namna hiyo. Sharti la kawaida ni shahada ya uzamili, na krediti 18 za uzamili katika somo lenyewe. Cheti cha ualimu hakidaiwi.

Tanzania ilianzia upande wa pili. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, na walimu hawakuwapo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba. Kwa miaka mitatu walifundisha vijijini huku wakisoma wenyewe, kwa masomo ya posta, redio na walimu walezi. Zaidi ya 35,000 walifuzu.

Walichekwa sana, "mwalimu wa UPE" ikawa karibu tusi. Kweli, somo lenyewe wengi walikuwa hawajalimudu. Lakini alikuwapo mtu wa kuketi nyuma ya darasa akitazama ubao, kisha akakwambia ulipokosea. Mimi nilipoanza kufundisha katika chuo kimoja huku ugenini, nilikabidhiwa muhtasari wa somo na ufunguo wa chumba.