Nyenje Bubu wa Warina Asali

Asali ya kwetu Uha hurinwa usiku. Nyuki wa miyombo ni wakali, na mchana hakuna mwenye akili zake atakayewapandia mtini. Ndiyo maana wazee wetu waliyajua mapori ya Kasulu na Kibondo gizani kuliko walivyoyajua mchana, na viumbe wa gizani walikuwa majirani zao.

Mmoja wao ni nyenje mdogo wa rangi ya udongo, mwenye miguu mirefu na vipapasio vinavyoushinda mwili kwa urefu. Hushinda mchana kutwa kwenye pango, chini ya mwamba au ndani ya mti wenye uwazi, na mzinga wa gogo uliohamwa na nyuki kwake ni pango tosha. Mrina akisogeza kienge mlangoni mwa mzinga, nyenje hao wanaruka ovyo, wengine wanamwangukia shingoni. Ajabu yake ni kwamba haimbi. Nje nyenje wengine wanapasua masikio, yeye kimya. Ndugu zake wa Afrika, ambao wataalamu huwaita Phaeophilacris, walichunguzwa na Wajerumani, na mwaka 1987 ikaelezwa kuwa dume hupiga mbawa ghafla akarusha pete za hewa, kama zile za moshi wa mvuta kiko. Jike huzihisi kwa vinyweleo vya mikia yake miwili. Kwa hiyo mazungumzo yapo, ila masikio yetu hayamo.

Mapori hayo anamoishi nyenje huyo yana mkono wa serikali ndani yake. Kuanzia mwaka 1933 Waingereza waliwahamisha watu wa Uha na kuwakusanya kwenye makazi ya pamoja, ili kuwaepusha na mbung'o na malale. Mahame yakaota miti. Lakini mizinga haikuhama, na nta ilikuwa na soko. Kijana asiyetaka kwenda umanamba kwenye mkonge wa Tanga angeweza kulipia kodi kwa nta. Basi warina wakawa wanarudi kule kule walikoondolewa, na kwa kuwa walikaa porini siku nyingi, malale iliwaandama wao kuliko wakulima.

Mwaka 1972 ikaja zamu ya vijiji vya ujamaa, watu wakapangwa barabarani, safari ya mizingani ikazidi kurefuka. Miaka ya tisini wakaja wakimbizi wa Burundi na Kongo. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996. Watu maelfu kwa maelfu hawapiki bila kuni, wala siwalaumu.

Siku hizi maafisa nyuki wanahimiza masanduku ya mbao, wakisema mzinga wa gome unaua mti. Ni kweli, mti ukichunwa gome pande zote hukauka. Lakini baba alichuna mti mmoja, mzinga wake akautumia miaka. Mabani ya kukaushia tumbaku ya Kibondo na Kasulu yanakula kuni kila msimu, na sijasikia mkulima wa tumbaku akiitwa semina kwa ajili ya miyombo.