Bibi wa Funzi ataulizwa lini?

Mwaka 2003 jarida la madaktari la BMJ lilichapisha utafiti uliowauliza wenyewe wagonjwa wa saratani waliokaribia kufa: 20 wa Scotland na 24 wa Meru. Wa Scotland walilia zaidi na uchungu wa moyoni. Wa Meru? Maumivu ya mwili, na pesa. Wasingeulizwa, nani angejua?

Sasa njoo Funzi. Mtafiti akikaa Msambweni na fomu zake, atampata aliyeweza kupanda boti mpaka Bodo, halafu gari. Bibi aliyelala ndani hayumo. Na kumfuata si rahisi, manake amechoka, nyumba imejaa wanaomjulia hali, na pengine wanawe hawajamwambia anaumwa nini. Ukirudi wiki ijayo huenda usimkute. Mimi nasema mfuateni tu, na maswali matatu, si thelathini.