Mtandao Usioahidi Kitu

Kisa cha usiku wa tarehe 29 Oktoba 1969 kimesimuliwa mno. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, Charley Kline, alitaka kuingia kwenye kompyuta iliyokuwa Menlo Park, kilomita 500 na ushei upande wa kaskazini. Akaandika L, akaandika O, na mfumo wa upande wa pili ukaanguka kabla neno la kuingilia halijakamilika. Ni kisa kitamu, na waandishi hatuchoki nacho. Lakini jambo kubwa zaidi kuhusu mtandao uliounganisha kompyuta hizo, ARPANET, halina usiku wake maalumu: ulikuwa mtandao wenye kutoa ahadi.

Kila kituo kiliwekewa kompyuta ya kati iliyoitwa IMP, iliyotengenezwa na kampuni ya BBN ya Massachusetts. Kazi yake ilikuwa kupokea ujumbe, kuukata vipande, kuvipitisha kwenye laini za simu za kukodi zenye kasi ya kilobiti 50 kwa sekunde, na kuhakikisha vyote vimefika kwa mpangilio wake. IMP ya mwisho wa safari ilirudisha taarifa kwamba mzigo umepokewa. Kompyuta kubwa zilizokaa nyuma ya mashine hizo zilizungumza kwa itifaki ya NCP, iliyokamilishwa mwishoni mwa 1970, nayo haikuwa na namna yoyote ya kufidia kilichopotea njiani. Haja ya kufidia itoke wapi, ikiwa njia yenyewe imekula kiapo?

Wazo la kukata ujumbe vipande lilikuwa limezaliwa mara mbili. Paul Baran wa taasisi ya RAND alilifikia mwanzoni mwa miaka ya 1960, akitafuta mawasiliano yatakayobaki hai baada ya shambulio la nyuklia. Donald Davies wa Maabara ya Taifa ya Fizikia ya Uingereza alilifikia mwaka 1965 bila kuijua kazi ya Baran, na ndiye aliyeviita vipande hivyo pakiti.

Matatizo ya ahadi yalianza pale waya ulipokwisha. Robert Kahn, aliyeshiriki kuisanifu IMP, alihamia ARPA, wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, mwaka 1972. Huko kulikuwa na mipango ya mitandao mingine: mmoja wa redio kwa ajili ya magari yanayotembea, mwingine wa setilaiti kuvuka Atlantiki. Redio haina uwezo wa kuahidi. Gari likipita chini ya daraja au likizungukwa na vilima, pakiti imekwenda, na hakuna wa kuitafuta. Tena kila mtandao ulikuwa na ukubwa wake wa pakiti, kasi yake na desturi zake. Kahn alitaka kuiunganisha yote bila kumlazimisha yeyote abomoe alichojenga.

Nusu ya jibu ilikuwa Ufaransa. Louis Pouzin, kiongozi wa mradi wa CYCLADES, alikuwa akijenga mtandao usiojifunga kwa lolote: kila pakiti inasafiri peke yake na anwani yake, ikifika imefika. Kuhesabu, kupanga na kudai kilichokosekana ni kazi ya kompyuta zilizo miisho miwili ya safari. Kwa wahandisi wa simu, waliozoea kushika laini nzima tangu mazungumzo yanapoanza hadi yanapokwisha, huo ulikuwa uzembe. Serikali ya Ufaransa ilikata fedha za CYCLADES mwishoni mwa miaka ya 1970, na idara ya simu ikaendelea na mtandao wake wa Transpac, uliofuata itifaki ya X.25 na kuahidi kila kitu. Hata hivyo mmoja wa watu wa Pouzin, Gérard Le Lann, alikuwa amekwisha kupita Stanford mwaka 1973, akafanya kazi na Vinton Cerf, mshirika wa Kahn. Mei 1974 Cerf na Kahn walichapisha makala yao kuhusu itifaki ya kuunganisha mitandao. Itifaki hiyo ni TCP.

Anayetuma mizigo kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza anaijua mantiki yake. Unaandika namba kwenye kila boksi, 1 hadi 6, unamkabidhi kondakta, halafu unasubiri simu ya mpokeaji. Akisema matano yamefika ila la 4 halionekani, unatuma la 4 jingine. Simu isipopigwa kabisa, baada ya muda fulani unatuma upya. Basi halidaiwi. Tofauti ni kwamba kompyuta haipungukiwi na kitu ikituma nakala, na mpokeaji akipata mbili anaitupa moja.

Jaribio la kukumbukwa lilifanyika tarehe 22 Novemba 1977. Gari lenye mitambo ya redio lilikuwa likitembea barabara kuu ya eneo la San Francisco huku likituma pakiti. Zilitoka kwenye redio zikaingia ARPANET, zikavuka Atlantiki hadi Ulaya, zikarudi Marekani kwa setilaiti na kuishia Los Angeles. Kwa barabara miji hiyo miwili imetengana kwa kilomita 600 hivi. Pakiti zilisafiri zaidi ya kilomita 140,000, ukihesabu kupanda na kushuka kwa setilaiti, zikipita mitandao mitatu isiyofanana hata kidogo. Redio ilipopoteza kitu, kompyuta za miishoni zilidai kirudiwe, na data ikawa kamili.

Hadi hapo TCP ilikuwa kitu kimoja, ikifanya kazi ya kupitisha na ya kuhesabu. Danny Cohen, aliyekuwa akifanya majaribio ya kusafirisha sauti kwa pakiti, hakuridhika. Katika maongezi, silabi iliyopotea haina faida ikiletwa sekunde mbili baadaye. Afadhali ipotee watu waendelee kuongea. Kwa nini basi sauti ilazimishwe kusubiri marudio? Jon Postel, mtafiti mwenzake, naye alikuwa akilalamika kwamba kazi mbili zimechanganywa mahali pamoja. Mwaka 1978 zikatenganishwa. IP ikabaki na kazi ya kubeba tu, bila ahadi. TCP ikakaa juu yake, ikihesabu na kudai. Wasiotaka kudai waliandaliwa UDP mwaka 1980. Ndiyo maana simu ya WhatsApp ikimeza maneno ya shangazi inaendelea mbele, haimrudishi nyuma ayarudie.

Nyaraka rasmi za IP na TCP zilitoka Septemba 1981, namba 791 na 793 katika mfululizo wa RFC. Mfululizo huo ulianzishwa na Steve Crocker Aprili 1969, akiwa bado mwanafunzi, na akauita maombi ya maoni, kwa hofu kwamba siku moja angetokea mkubwa kutoka mashariki ya nchi na kuuliza vijana hawa wamepewa na nani mamlaka ya kuweka kanuni. Heshima hiyo ya kuomba maoni imebaki hadi leo, hata pale ambapo maoni hayaombwi.

Maana intaneti ina hadithi inayopendwa kusimuliwa, kwamba ilikua yenyewe kwa hiari ya waungwana. Kuhusu mwaka 1983 si kweli. Wizara ya Ulinzi iliamuru kwamba kufikia tarehe 1 Januari 1983 kila kompyuta ya ARPANET iwe imeiacha NCP. Postel alikuwa ameandika mpango wa kuhama tangu Novemba 1981, akatoa mwaka mzima wa maandalizi. Wengi walifanya kama wafanyavyo watu wengi wakipewa mwaka mzima. Katikati ya 1982 wasimamizi waliizima NCP kwa siku moja, na waliochelewa wakajikuta wametengwa na wenzao. Vuli ikaja, wakaizima siku mbili. Januari ilipofika kuhama kulifanyika, ingawa wachache walipewa ruhusa ya kujikongoja miezi kadhaa zaidi, na wahandisi wakavaa beji zenye maneno ya Kiingereza ya kutangaza kwamba wamenusurika.

Wakati huohuo kamati za kimataifa zilikuwa zikisanifu mfumo mwingine, OSI, wenye tabaka 7 na baraka za serikali nyingi, hata ya Marekani yenyewe. Sitauchambua hapa. Ulichelewa, na TCP/IP ilikuwa tayari ndani ya mfumo endeshi wa Unix wa Berkeley, toleo la 4.2 la Agosti 1983, ambalo vyuo vikuu viliweza kulichukua na kulitumia siku hiyohiyo.

Bili ya kutoahidi ililetwa Oktoba 1986, na ililetwa nyumbani. Kati ya Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kuna mwendo wa yadi 400. Siku moja kasi ya data kati ya majengo hayo ilishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Biti 40 ni herufi 5 kwa sekunde; karani mzuri wa taipu angeweza kuzipita. Hakuna waya uliokatika wala mashine iliyoharibika. Foleni za ruta zilikuwa zimejaa, pakiti zikachelewa, na kompyuta zilizokuwa zikisubiri risiti zikadhani mizigo imepotea. Zikatuma nakala. Nakala zikaongeza foleni, foleni ikaongeza kuchelewa, na kuchelewa kukazaa nakala zaidi. Mtandao ulikuwa umejaa kazi isiyo na faida.

Van Jacobson, mtafiti wa maabara hiyo, alikaa na Mike Karels wa chuo kikuu kutafuta dawa. Kilichokuwa rahisi kufikirika ni kuzipa ruta akili: zihesabu, zipangie watu zamu, zitoe ahadi. Hawakwenda huko. Waliacha njia ibaki jinga kama ilivyokuwa, wakabadilisha tabia ya miisho. Kompyuta ianze kwa pakiti moja na kusubiri risiti. Ikiipata itume mbili, kisha nne, ikizidisha maradufu. Pakiti ikipotea, ichukulie kwamba njia imejaa, ipunguze mwendo na kupanda tena polepole. Muda wa kusubiri risiti nao ukokotolewe kwa kuangalia risiti zilizotangulia zimekuwa zikichukua muda gani na zinapishana kiasi gani. Marekebisho hayo yalisambazwa na toleo la Unix lililoitwa Tahoe mwaka 1988, na Jacobson akayaeleza katika makala ya mwaka huohuo. Jambo la kushangaza ni kwamba hakuna askari anayeyasimamia. Kila kompyuta inajizuia kwa sababu programu yake imeandikwa ijizuie.

Lakini adabu hiyo ina gharama, na Afrika Mashariki iliilipa. Kompyuta inayopandisha mwendo kila ipatapo risiti inategemea urefu wa safari ya kwenda na kurudi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watoa huduma wa Nairobi waliunganishwa na dunia kwa setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta. Barua pepe kutoka ofisi moja kwenda jirani yake anayetumia kampuni nyingine ilipanda angani, ikashuka ng'ambo, ikapandishwa tena na kurudi Nairobi. Risiti yake ikafuata njia hiyohiyo. Safari nzima ilizidi sekunde moja, na TCP ikasubiri sekunde hiyo kabla ya kuthubutu kutuma pakiti mbili.

Novemba 2000 watoa huduma hao walifungua kituo cha kubadilishana data, KIXP, ili pakiti za Nairobi zibaki Nairobi. Safari ikashuka hadi chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ndani ya wiki chache kituo kikafungwa: kampuni ya simu ya taifa ililalamika kwamba haki yake ya kuhodhi mawasiliano ya nje imeingiliwa, na Tume ya Mawasiliano ikakubaliana nayo. Ni malalamiko ya ajabu, kwa kuwa data iliyogombewa haikuwa na sababu yoyote ya kutoka nje ya nchi. Ilichukua hadi Februari 2002 kituo kufunguliwa tena, safari hii kikiwa na leseni. Julai 2009 kebo ya SEACOM ya chini ya bahari ilipoanza kazi Mombasa na Dar es Salaam, setilaiti ilianza kuachwa hata kwa safari za mbali. Kompyuta zilizokuwa zimezoea kusubiri zikaanza kupata risiti mapema na kupandisha mwendo, na hakuna aliyelazimika kugusa hata mstari mmoja wa TCP.